Araba Pilipili Anataka Kupendwa

Jumatatu, tarehe 1 Novemba 1954. Swedru.

Nyota njema huonekana asubuhi! Nilikuwa bado kitandani Masta Arkaah alipogonga mlango wangu kwa fimbo. Habari kubwa. Jumamosi anakuja bwana mmoja kutoka Accra, Bwana Okpoti, mtu wa filamu. Atatazama mchezo wetu, kisha atachagua mmoja wetu akaigize kwenye filamu. Mmoja tu! Masta alisema tujitahidi sote, kila mtu ana nafasi. Nilimwonea huruma. Kiongozi wa kundi lazima aseme maneno kama hayo.

Mtu mwenyewe ni mimi. Josiah Kwamina Bentsil. Nusu ya umri wangu nimeishi jukwaani, na yote nimevaa gauni. Nimekuwa mama mkwe, mjane mchoyo, mchawi, mke mkubwa, shangazi wa kuleta fitina mazishini. Katika kundi letu la Njiwa wa Swedru wanawake wote ni wanaume, na mwanamke mbaya siku zote ni mimi. Siku hizi ni Araba Pilipili, mama wa kambo anayemtesa yatima. Nikichungulia tu nyuma ya pazia, kabla sijafungua kinywa, ukumbi mzima unazomea. Hurusha maganda ya karanga. Maganda ya machungwa. Mara moja kiatu, kizuri kabisa, cha mguu wa kushoto.

Kikwazo ni kimoja, Ebo Dadzie. Yeye ndiye yatima. Ana mke, ana watoto wawili, ana mvi mbili kidevuni. Lakini ni mfupi. Akivaa kaptula, akapiga magoti, akaimba kumwita marehemu mama yake, basi! Wanawake wanaacha viti vyao na kupanda jukwaani. Wanampa mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi. Wanamfuta machozi kwa leso zao wenyewe. Na mimi nimesimama palepale na mwiko wangu, jasho linanitiririka mpaka kwenye matiti ya pamba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuta. Inaniuma. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Inaniuma sana.

Bwana Okpoti naye ana macho. Ataona nani anapendwa. Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni rahisi: kufikia Jumamosi, nipendwe mimi.

Jioni nilikwenda kununua samaki na dokono la unga wa mahindi. Mwuzaji alifunika kapu aliponiona. Nikamwambia pesa ninazo. Akasema hawauzii watesaji wa watoto. Nikamkumbusha kwamba ule ni mchezo tu. Akasema anajua fika kuwa ni mchezo, hakuzaliwa jana, ila yule mtoto hajala tangu juzi. Nimelala na ndizi moja.

Jumanne, tarehe 2 Novemba.

Mpango wa kwanza. Safi, hauna damu wala dhambi. Sauti ya Ebo ndiyo inayowaliza watu. Ebo akikosa sauti, Masta atatafuta yatima mwingine. Nani anaujua wimbo ule mwanzo hadi mwisho? Mimi, maana nausikia kila siku huku nimeshika mwiko.

Ebo ana ugonjwa mmoja tu, nao ni mpira. Mchana nikamfuata pale anapopiga pasi kaptula yake ya yatima. Nikasema, kama vile sina haja, kwamba golikipa wa timu anayoipenda anadaka kama mtu anayefukuza nzi. Ebo aliweka pasi chini. Tulibishana mpaka jua likashuka. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatuna. Kila alipotaka kunyamaza, nikamtaja golikipa. Fundi cherehani wa jirani alifunga dirisha lake. Tulipomaliza, Ebo alikuwa anakoroma badala ya kusema. Nilimpa pole.

Matokeo. Ebo alipanda jukwaani na sauti iliyokatika vipande. Alifungua kinywa kumwita mama yake, ikatoka pumzi tu. Ukumbi ulilia kama msibani. Mwanamume mmoja mzima, dereva wa lori la kakao, alivua koti lake akamfunika. Mwingine alimletea kuku. Kuku hai!

Mimi nami sauti ilikuwa imeniisha. Nilipotoka kumkemea yatima nilikwaruza kama mlango wa makaburini, na watoto wa mstari wa mbele wakakimbia wakidai mchawi amefika. Chungwa lililonipata leo halikuwa ganda. Lilikuwa chungwa zima.

Baada ya mchezo Ebo aliniletea asali aliyopewa na bibi mmoja. Alininong'oneza kwamba sauti yangu pia imeharibika, kaka, lamba kidogo. Huyu mtu ana ujanja wa hali ya juu. Nimeilamba yote.

Jumatano, tarehe 3 Novemba.

Leo hatukucheza. Nimefikiri siku nzima nikiwa nimelala kifudifudi, maana chungwa lile lilinipiga mgongoni.

Nimegundua siri. Watu hawampi mtu zawadi kwa kuwa wanampenda. Wanampa kwa kuwa wamemwona mwenzao anampa. Wa kwanza akipanda, wengine humfuata kama mbuzi. Araba Pilipili amekosa mtu wa kwanza, basi!

Mtu wa kwanza nimempata. Maame Takyiwa, mama mwenye nyumba yangu. Anauza samaki wa kuokwa, ana mikono minene na sauti ya kuongoza kwaya. Akipanda yeye, nusu ya soko itapanda. Hajawahi kuja kwenye mchezo wetu hata siku moja, kwa sababu jioni huwa anaoka samaki. Hiyo ni faida. Hana chuki na Araba.

Nilimweleza. Kazi ni ndogo: mimi nikimaliza kumfokea yatima, nitaketi kwenye kigoda na kushika kichwa. Hapo hapo yeye apande, anipe mkate, anifute uso, aseme kwa sauti, "Pole, dada yangu, malezi ni mzigo." Alicheka. Aliniuliza, "Kwamina, na wewe umekosa wa kukubembeleza mpaka umkodi mwenye nyumba?" Lakini alikubali. Tulifanya mazoezi jikoni. Nilimfokea mtungi kwa niaba ya yatima, nikaketi, nikashika kichwa. Alinifuta uso kwa upole mpaka mimi mwenyewe nikapata machozi kidogo. Mkono wake unanuka moshi na samaki. Si vibaya.

Kipaji kipo! Kwenye filamu watanihitaji niwafundishe na wengine.

Alhamisi, tarehe 4 Novemba.

Amenipiga kofi.

Naandika kwa utaratibu. Maame Takyiwa alikuja mapema na kitenge kipya, akaketi mstari wa tatu, mkate mapajani. Nilimwona kupitia tundu la pazia. Mchezo ukaanza. Nilimnyima yatima chakula. Nikamtuma maji kwenye mvua. Nikamwambia kwamba mama yake alikufa kwa sababu alichoka kumwona. (Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe. Ni nzuri.) Kisha nikaketi kwenye kigoda, nikashika kichwa, nikangoja.

Akapanda. Mkate mkononi. Ukumbi ukanyamaza. Nikajiambia, ndiyo sasa, ndiyo sasa. Akanisogelea. Niliinua uso wangu ili aufute.

Pah!

Wigi liliruka mpaka kwenye ngoma. Kisha akamgeukia Ebo, akampa mkate wangu, mkate nilioununua mimi, akamkumbatia na kumwambia aje kulala kwake, chumba kipo, atamfukuza mpangaji mmoja mbaya. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Kweli kuna waliofuata. Walifuata foleni. Wa pili alikuwa na mwavuli. Masta Arkaah alilazimika kuingia na ngoma yake ya kuchekesha kabla zamu yao ya kunipiga haijafika.

Nyumbani nilimwuliza kulikoni, tulifanya mazoezi. Maame Takyiwa aligeuza samaki. Akasema alikuja na nia njema, haki ya Mungu. Lakini nilivyomwambia mtoto maneno yale juu ya mama yake, mkono ulijiendea. Nikamwambia kwamba mtoto yule ni Ebo, ana mvi! Akasema, "Mvi nimeziona. Machozi pia nimeyaona." Halafu akaniuliza ninajisikiaje, mtu mzima, kumtuma yatima maji kwenye mvua. Hakunipa samaki.

Ijumaa, tarehe 5 Novemba.

Shavu limevimba upande mmoja. Hata hivyo, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nina mpango ambao ni bora kuliko yote.

Kosa halikuwa la Maame Takyiwa. Kosa ni la mchezo wenyewe. Araba Pilipili ni mbaya mwanzo, mbaya katikati, mbaya mwisho. Atapendwa saa ngapi? Kesho, mbele ya Bwana Okpoti, Araba Pilipili atatubu! Atapiga magoti. Atalia. Ataimba wimbo wa kanisani, ule wa taratibu. Atamwomba yatima msamaha na kumpikia supu ya mawese. Hakutakuwa na jicho kavu Swedru nzima. Wataleta mikate kwa mabeseni!

Sikumwambia mtu. Masta aliniona nikifanya mazoezi ya kulia karibu na kisima, akadhani jino linaniuma. Alinishauri ninyamaze tu, nifanye kama kawaida yangu kesho, maana kesho si siku ya kubuni mambo. Nikasema ndiyo Masta. Maskini, amezeeka. Hajui kwamba anaishi na gwiji.

Nimenunua supu halisi kwa ajili ya kesho. Mwuzaji alikuwa mgeni mjini, hakunitambua.

Jumapili, tarehe 7 Novemba. Asubuhi.

Jana sikuandika kwa kuwa nilikuwa juu ya paa.

Bwana Okpoti aliketi mbele kabisa, miwani myeusi, suruali ya krimu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilianza kama kawaida: nikanyima, nikatuma, nikakemea. Nilizomewa vizuri. Kisha badala ya kumnyang'anya yatima blanketi, nikatupa mwiko chini. Nikapiga magoti. Ebo alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha lori. Masta nyuma ya pazia alinong'ona kwa nguvu kwamba jino, ni jino tu, endeleeni.

Nikaimba. Ee, nikaimba! Machozi yalikuja yenyewe. Nikasema, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe. Njoo kwa mama." Nikatoa supu, nikajaza bakuli, nikamsogezea.

Kimya. Nikajua tayari ninao mikononi.

Kisha Maame Takyiwa akasimama, mstari wa tatu. Akapaza sauti ile ya kwaya: "Usile, mtoto! Ameweka sumu!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Kila mtu alikuwa amesimama. "Usile!" "Mwaga!" "Mwanamke mnafiki, anamtaja na Mungu!" Nikataka kuwathibitishia, nikaonja kijiko kimoja. Supu ilikuwa ya moto, nikakohoa. Basi hapo ndipo walipopanda. Wote. Hawakuja na mikate. Ebo alinyakuliwa na kupitishwa juu ya vichwa mpaka nje, mahali pa usalama. Gauni langu lilibaki mkononi mwa dereva wa lori. Nilitokea dirishani, nikapanda mwembe mmoja wa watu na kutoka hapo nikaruka juu ya paa la bati. Kutoka juu niliona Bwana Okpoti anatambaa chini ya meza ya tiketi anatafuta miwani yake.

Nasema kweli: walikuwa wameguswa. Mtu asiyeguswa haruki juu ya benchi. Nadhani nilihitaji aya moja zaidi ya wimbo.

Jumapili hiyohiyo, mchana.

Ushindi! Ushindi mara mbili!

Bwana Okpoti alikuja baada ya kanisa, miwani imefungwa kwa uzi. Tuliketi wote uani kwa Maame Takyiwa. Alisema amezunguka miji mingi, hajaona mtu anachukiwa vile. Alisema kwa mshangao mkubwa, kama anayesifia ng'ombe mnono. Wapo wengi wa kuonewa huruma, alisema, hao hupatikana kila mtaa. Lakini mtu anayeomba msamaha na watu wakataka kumwua! Filamu yake inamhitaji mwanamke anayewaibia wakulima wa kakao kwenye mizani, na itapelekwa kwa gari la sinema mpaka vijiji vya mbali. Akaninyooshea mkono. Alinitaka mimi! Mimi! Masta alianza kulia. Ebo alinipigapiga mgongoni, palepale kwenye chungwa.

Nikasimama. Nilijikohoza. Nikamwambia Bwana Okpoti kwamba nimeheshimika sana, lakini mwanamke mbaya mimi basi. Jana nilitubu mbele ya mji mzima na siwezi kurudi nyuma. Nilimshauri aongeze kwenye filamu kijana mpole, asiye na hatia, anayependwa na watu wote, nami nitakuwa yeye. Bwana Okpoti alitazama tumbo langu. Aliuliza kijana wa miaka mingapi. Nikasema kumi na sita hivi. Maame Takyiwa aliingia ndani na kufunga mlango, nikamsikia anacheka mpaka anagonga ukuta.

Masta alinivuta pembeni. Aliniomba, "Bentsil, kubali. Nakuomba kama baba yako. Mlango huu haufunguki mara mbili." Nikamwambia Masta asiogope, hawa watu wa Accra hujifanya wagumu, ukishikilia bei hurudi wenyewe.

Tuliporudi Ebo alikuwa amejifunga kilemba changu kichwani ili kumchangamsha mgeni. Alikuwa ananiiga! Mkono kiunoni, jicho la upande, ile sauti ya kukwaruza ya Jumanne. Mtu aliyenisikiliza kila siku huku amepiga magoti! Bwana Okpoti alimtazama mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama anaweza kufika Accra Jumanne.

Maskini Ebo! Ameingia mtegoni mwenyewe. Atazomewa kila kijiji chenye gari la sinema. Aliniuliza mara tatu kama kweli sitaki, kaka, useme tu nitamwambia hapana. Nikambariki, aende. Kwa sababu nani sasa atacheza yatima? Nilimtazama Masta. Kisha akasema hana mtu mwingine anayeujua wimbo.

Jumatano, tarehe 10 Novemba. Nyakrom. Kituo cha polisi.

Naandika kwa kalamu ya konstebo, mtu mwema. Sikukamatwa. Nimehifadhiwa.

Fundi alilegeza kaptula ya Ebo pande zote mbili, ikanitosha nikivuta pumzi. Nikanyoa ndevu mara mbili. Atta, mpiga ngoma wetu, alivaa gauni jingine la Araba Pilipili, ingawa hajawahi kucheza mwanamke. Nikapanda jukwaani mbele ya watu wa Nyakrom, mji wa jirani, nikapiga magoti, nikafungua mikono kumwita mama yangu marehemu.

Mwanamke mmoja akasimama na kuninyooshea kidole. Alipiga mayowe kwamba huyu ndiye Araba Pilipili! Alimwona Swedru Jumamosi! Amevaa nguo za mtoto!

Ukumbi ukanisogelea kwa macho. Mwingine akauliza, "Na mtoto mwenyewe yuko wapi?" Hapo wakakumbuka ile supu. Kila aliyekuwa na ndugu Swedru alikuwa amesikia habari za supu. Nikajaribu kuendelea na wimbo. Nilipofika pale pa kusema nimebaki peke yangu duniani, walilia kwa hasira. Atta alisahau maneno yake, akasimama katikati na mwiko, mdomo wazi, anatetemeka. Na hapo, kwa macho yangu haya, niliona wanawake wanapanda na mikate, na leso, na maziwa ya kopo, wanamfuta jasho Atta, wanamwambia pole dada, leo yule muuaji hakugusi.

Wanampa Araba! Zawadi! Si nilisema? Tangu Jumatatu ile nilisema kwamba mwanamke yule anaweza kupendwa, ilitakiwa kazi tu. Njia nimeifungua mimi, Atta amepita.

Mimi nilipita mlango wa nyuma. Konstebo alinikuta barabarani na umati nyuma yangu, akanileta hapa. Wanawake watatu wameshatoa taarifa ya mtoto aliyepotea. Konstebo alikaa na uso wa kazi, akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamjibu ukweli mtupu: mtoto ni mimi.

Alinitazama juu mpaka chini, kaptula na yote. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alimwita mwenzake nirudie. Nikarudia. Mwenzake alijishika kwenye meza. Wakamwita sajini kutoka nyumbani, naye akaketi sakafuni anafuta machozi. Machozi, na kwa ajili yangu! Hakuna kitu kilichorushwa.

Na mimi nimejinyima miaka yote hii! Kumbe kipaji changu ni kuchekesha! Masta Arkaah ndiye mchekeshaji wetu, lakini magoti yanamsumbua, na watu wanamcheka kwa mazoea tu. Sajini anasema wataniachia asubuhi mitaa ikitulia. Nitapita moja kwa moja kwa Masta, nimweleze kwa upole kwamba umefika wakati apumzike.